Breki za gari la autokrosi: pedi ipi, diski ipi, na pesa ianzie wapi

Anayeingia kwenye autokrosi huanza kuuliza kuhusu breki kubwa. Ameona gari la mashindano lenye kalipa (vibano vinavyobana pedi kwenye diski) nyekundu za pistoni sita na diski zilizotobolewa matundu, naye anataka kujua kama vitaenea ndani ya rimu zake. Mimi humrudishia swali. Umekaa kwenye foleni dakika kumi na tano, breki zimepoa kabisa, bendera imeshushwa, umefika kona ya kwanza na unakanyaga pedali kwa mara ya kwanza. Je, zinashika? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua ununue nini.

Autokrosi ninayoizungumzia ni ile ya lami: uwanja mpana uliopangwa koni, gari moja moja likishindana na saa, raundi ikiisha ndani ya dakika moja hivi. Uingereza jina hilohilo hutumika kwa mbio za kwenye nyasi na udongo, na huko mahitaji ya breki ni mengine. Kwenye lami, gia ya pili hutosha karibu raundi nzima na ni mara chache mshale kupita kilomita 100 kwa saa. Ukimaliza unarudi kwenye foleni, na breki zinapoa upya. Kwa hiyo karibu kila raundi unaianza na breki baridi, na raundi inaisha kabla hazijapata moto wa maana.

Watu wengi hawaliamini hilo mpaka waone hesabu. Chukua gari la kilo 1,200. Ukilishusha kutoka kilomita 80 hadi 40 kwa saa, breki zinalazimika kumeza nishati ya kilojuli 220 hivi. Gari hilohilo likiwa kwenye saketi, mwisho wa njia ndefu iliyonyooka, likashushwa kutoka 200 hadi 80, nishati inakuwa kilojuli 1,550. Hiyo ni mara saba. Tuseme breki za mbele zinabeba asilimia 70 ya kazi, na kila diski ya mbele ina kilo 6 za chuma cha kusubu. Tukiacha joto linalochukuliwa na upepo na pedi, mkanyago mmoja wa autokrosi unaipandishia diski nyuzi 28 za Selsiasi, na ule wa saketi unaipandishia karibu nyuzi 200. Halafu saketi inarudia adhabu hiyo mara kadhaa kila mzunguko, dakika ishirini mfululizo. Breki iliyotengenezwa kuvumilia adhabu ya saketi na breki inayotakiwa kuamka papo hapo ikiwa baridi ni vitu viwili tofauti, hata kama zinauzwa kwenye rafu moja na boksi zote zimeandikwa neno la mashindano.

Jambo la pili la kuweka akilini kabla ya kulinganisha chochote: breki husimamisha gurudumu, lakini kinachosimamisha gari ni tairi. Ukiweza kukanyaga hadi ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasifunge, ikaanza kutetemesha pedali, au hadi magurudumu yakafunga, yaani yakaacha kuzunguka, kwa gari lisilo na ABS, basi nguvu ya breki inakutosha. Kuongeza nguvu zaidi hakutapunguza hata mita moja. Kinachobaki kugombaniwa ni pedali kukwambia ukweli, breki kushika vilevile raundi ya kwanza na ya nne, na wewe kuweza kuiachia taratibu unapoingia kona.

Pedi: hapa ndipo penye tofauti

Pedi ndiyo sehemu ambayo utaihisi siku hiyohiyo uliyoibadilisha, nami ningeanzia hapo hata kama pesa ingekuwa tele. Kwa mtu wa autokrosi chaguo ni nne: pedi za kawaida za kiwandani, pedi za mtaani zenye ukali wa kispoti, pedi zilizotengenezwa kwa ajili ya autokrosi, na pedi za mashindano ya saketi.

Pedi za kiwandani hudharauliwa bila sababu. Zimetengenezwa ili mama aliyetoka sokoni asubuhi ya baridi akanyage mara moja na gari lisimame. Kwa maneno mengine, zimetengenezwa kwa hali ileile unayoikuta kwenye mstari wa kuanzia. Hazipigi kelele, hazili diski, na nyingi zinaweza kuamsha ABS zikiwa baridi. Udhaifu wao ni ulaini: unakanyaga, zinasitasita kidogo, kisha zinashika. Kwa dereva anayejifunza huo si ugonjwa. Kwa anayetafuta sehemu ya kumi ya sekunde, tayari ni tatizo, maana kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde, na kusitasita kwa sehemu moja ya kumi ni mita 2.2. Urefu huo ndio unaotofautisha kupita kando ya koni na kuipanda.

Pedi za mtaani za kispoti huongeza msuguano zikiwa baridi na huvumilia moto zaidi kidogo. Vumbi huongezeka, wakati mwingine na mlio. Kwa gari linalotumika kila siku na kushindana mwisho wa wiki, hizi ndizo ningemwekea rafiki yangu bila kumuuliza maswali mengi.

Pedi za autokrosi zenyewe ni chache sokoni. Carbotech, kwa mfano, wanayo AX6, ambayo wameitangaza mahususi kwa mchezo huu, kwamba inafanya kazi kuanzia joto la hewa ya kawaida. Hawk wanayo HP Plus, ambayo wengi huitumia kwa autokrosi na siku za saketi zisizo kali. Kundi hili linashika mara tu unapogusa pedali. Gharama yake ni kelele, vumbi jingi linaloganda kwenye rimu, na diski kuisha mapema. Mwenye gari la kubeba watoto shuleni atachoka na mlio huo kabla ya msimu kwisha.

Kisha kuna pedi za saketi. Hizi ninazizungumzia kwa uzito kwa sababu ziliwahi kuniharibia siku nzima. Nilizinunua kwa kuamini kwamba kitu cha mashindano makubwa hakiwezi kushindwa na mashindano madogo. Raundi ya kwanza nilikanyaga kabla ya slalomu, ile safu ya koni za kupita kwa zigizaga, pedali ikawa ngumu kama nimekanyaga ubao, gari likaendelea mbele. Koni tatu. Chini ya kanuni za SCCA, klabu ya michezo ya magari ya Marekani, ambazo klabu nyingi huziiga, kila koni ni sekunde 2 juu ya muda wako. Raundi ya pili zilikuwa afadhali kidogo, ya tatu zikaanza kushika, na wakati huo wenzangu walikuwa tayari wanavua helmeti. Pedi nyingi za aina hiyo zinataka nyuzi 150 au 200 ndipo zitoe msuguano wao kamili, na hesabu ya hapo juu imeshakuonyesha kwamba mkanyago mmoja wa autokrosi unaongeza nyuzi 28 tu. Zaidi ya hapo, nyingi zikitumika zikiwa baridi huikwangua diski badala ya kuipaka tabaka lake jembamba la pedi, kwa hiyo unapoteza muda na diski pia.

| Pedi | Ikiwa baridi | Ikipata moto | Maisha ya kila siku |
|---|---|---|---|
| Za kiwandani | Zinashika kwa ulaini | Zinachoka mapema | Kimya, safi |
| Za mtaani za kispoti | Zinashika vizuri | Zinatosha kwa autokrosi | Vumbi kiasi |
| Za autokrosi | Zinashika mara moja | Zinatosha hata kwa madereva wawili | Mlio, vumbi, diski inaliwa |
| Za saketi | Zinakawia | Hazina mpinzani | Hazifai barabarani |

Namna ya kusoma pedi kabla ya kuinunua ipo, ingawa ina mipaka. Pedi zinazouzwa Marekani huwa na maandishi ukingoni yanayoishia na herufi mbili, kama EE, FF au GG. Herufi ya kwanza inaeleza msuguano kwenye joto la wastani, ya pili ikiwa na moto mkali. E ni kipimo cha msuguano cha 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Ukikuta FE, ujue inapoteza nguvu ikipata moto, EF inaongezeka. Kwa autokrosi nitaitazama zaidi herufi ya kwanza. Lakini hapa pana mtego ambao wauzaji hawausemi: joto linaloitwa la wastani katika kipimo hicho ni la nyuzi 93 hadi 204. Pedi yako kwenye kona ya kwanza iko kwenye joto la hewa. Kwa hiyo G ya kwanza ni dalili nzuri, ila haithibitishi chochote kuhusu mkanyago wa kwanza. Ulaya nako kuna kanuni ya R90, inayotaka msuguano wa pedi ya kubadilishia usitofautiane na ule wa pedi ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Pedi yenye muhuri huo ni salama, lakini usitegemee ikupe breki tofauti kabisa na uliyokuwa nayo.

Kuna sifa nyingine ambayo haiandikwi kwenye boksi, nayo ni jinsi pedi inavyoachia. Kona nyingi za autokrosi unaziingia ukiwa bado umebana breki kidogo, ukiiachia huku unakata usukani ili pua ya gari ibaki na uzito. Pedi inayong'ang'ania wakati mguu umeshalegea itakuvurugia hilo. Pedi inayoshika kwa ghafla mno nayo ina hatari zake, na hatari hizo hutegemea gari. Gari jepesi lisilo na ABS litafunga magurudumu ya mbele kabla hujajua umefanya nini, na tairi laini la mashindano likiburuzwa mara moja tu hupata bapa ambalo utalisikia hadi litakapotupwa. Gari lenye ABS lina tabia nyingine ya kuudhi. Ukikanyaga kwa kishindo na gurudumu likapunguza mwendo ghafla kuliko kompyuta inavyotarajia, baadhi ya mifumo huamini kwamba uko kwenye barafu, inapunguza shinikizo, na unabaki na pedali ngumu na gari lisilotaka kusimama. Pedi kali mno, hasa za nyuma, zinaweza kulisababisha. Ukikutana nalo, usiongeze ukali wa pedi. Punguza, na ujifunze kukanyaga kwa haraka bila kupiga teke.

Je, mbele na nyuma ziwe pedi tofauti? Wapo wenye magari ya kuvutwa na magurudumu ya mbele ambao huweka pedi kali zaidi nyuma ili gari ligeuke wepesi. Inafanya kazi, nami nimeijaribu, lakini anza na aina moja pande zote mbili msimu mzima. Ukishaijua tabia ya gari, utajua unabadilisha nini.

Na ukishazifunga, zizoeshe. Pedi mpya ikiletwa moja kwa moja uwanjani haitashika ipasavyo, na autokrosi yenyewe haitoi moto wa kutosha kuizoesha. Tafuta barabara tupu na salama, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 15 mara nane au kumi mfululizo bila kusimama kabisa, kisha endesha taratibu dakika kumi zipoe, isipokuwa mtengenezaji ametoa utaratibu wake. Kama diski zilitumiwa na pedi za aina nyingine, zisugue kwanza kwa msasa au uweke mpya, maana tabaka la pedi ya zamani linabaki juu ya chuma na pedi mpya hailipendi.

Diski

Hapa sitakawia. Diski wazi, isiyo na matundu wala mifereji usoni, yenye nafasi za upepo katikati ya kuta zake mbili kama gari lilivyotoka nayo, ndiyo inayofaa autokrosi. Iliyotobolewa inapendeza machoni na inapungua gramu kadhaa, lakini kila tundu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia, na kazi iliyofanya matundu hayo yabuniwe, ya kutoa gesi za pedi za zamani zikiwa na moto mkali, haipo kwenye raundi ya dakika moja. Yenye mifereji husafisha uso wa pedi, na pia huila pedi haraka.

Tofauti ninayoijali mimi kwenye diski ni uzito. Diski huzunguka na haibebwi na springi, kwa hiyo kila kilo unayoiondoa inasaidia gari kuondoka, kusimama, na tairi kufuata mashimo ya lami. Diski ya vipande viwili, yenye kitovu cha alumini na pete ya chuma, inaweza kupunguza kilo moja au zaidi kila upande kwa magari yenye diski kubwa. Kama daraja lako la mashindano linaruhusu na pesa ipo, huo ni ununuzi wenye akili kuliko diski kubwa zaidi. Kama una gari lenye breki za dramu nyuma, ziache. Nyuma hubeba sehemu ndogo ya kazi, dramu haipati moto wa kutosha kuilegeza ndani ya raundi moja, na handibreki yake kwa kawaida ni kali, jambo linalosaidia kwenye kona ya kugeukia nyuma kabisa.

Kalipa za asili au breki kubwa?

Sasa tufikie lile swali la kwanza. Breki kubwa hutoa vitu viwili: mkono mrefu zaidi wa kulishika gurudumu, na chuma kingi cha kuhifadhi joto. Kitu cha kwanza tayari unacho kama tairi linafunga. Cha pili hukihitaji kama unashindana dakika moja na kupumzika kumi na tano. Unachokilipia ni kingine kabisa.

Unalipia uzito, na uzito huo unakaa mahali pabaya. Unalipia rimu kubwa, wakati wanaoshinda kwa magari madogo wanapigania rimu ya inchi 15 kwa sababu ni nyepesi na inafupisha gia. Unalipia uwiano: ukiongeza diski za mbele peke yake, kazi inahamia mbele zaidi, nyuma inalala, na gari linaweza kusimama kwa umbali mrefu kuliko zamani ingawa pedali inahisi kali. Kalipa yenye pistoni kubwa inahitaji mafuta mengi kutoka kwenye masta silinda ileile, ile pampu inayosukumwa na pedali, kwa hiyo pedali inaenda chini zaidi. Na ABS ilipangwa kiwandani kwa breki zile ulizozivua.

Sisemi kalipa ya pistoni nne isiyoteleza haina faida. Ni ngumu, haijipindi, pedali yake ni thabiti, na zile za alumini nyingi ni nyepesi kuliko kalipa za kuteleza za chuma zilizokuwepo. Lakini kabla hujaihukumu kalipa yako ya asili, ivue. Vipini vyake vya kutelezea vikiwa vimekauka au vimeota kutu, pedi ya upande mmoja inaisha na ya upande wa pili ni nzima, na pedali inakuwa na ulegevu ambao hakuna pedi ya bei yoyote itakayouondoa. Visafishe, vipake grisi ya silikoni ya breki, badilisha mipira iliyopasuka. Nimeona magari mawili yaliyokuwa yanasubiri breki kubwa yakapona kwa kazi hiyo ya nusu siku.

Ipo njia ya katikati inayostahili kuangaliwa: kalipa na diski za toleo zito au lenye nguvu zaidi la gari lako mwenyewe. Mara nyingi zinafunga moja kwa moja, vipuri vipo, na mtengenezaji alishapima uwiano wa mbele na nyuma, mradi uhamishe seti nzima pamoja na masta silinda. Ningeifikiria kwa gari lililoongezwa injini kubwa, lenye matairi mapana ya mashindano, na ambalo pia huenda saketi. Kwa gari la autokrosi peke yake, hapana.

Na soma kanuni za daraja lako kabla ya kununua chochote. Kwenye madaraja ya magari ya mtaani, pedi na mafuta kwa kawaida ni huru, lakini kalipa na ukubwa wa diski lazima zibaki za asili. Seti ya breki kubwa inaweza kukuhamishia kwenye daraja la magari yaliyobadilishwa kila kitu, na huko breki si kitu kitakachokuokoa.

Mafuta ya breki na hosi

Mafuta yanalinganishwa kwa kiwango cha kuchemka, yakiwa mapya na yakiwa yameshanyonya maji. DOT 3 lazima yafike nyuzi 205 yakiwa mapya na 140 yakiwa na maji, DOT 4 ni 230 na 155, DOT 5.1 ni 260 na 180. Motul RBF 600, mafuta ya mashindano yanayojulikana sana, yametangazwa kuwa 312 na zaidi ya 200. Namba ya pili ndiyo ya kutazama, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limeegeshwa. Kwa dereva mmoja wa autokrosi, DOT 4 mapya yanayobadilishwa kila mwaka yanatosha kabisa, na ni bora kuliko mafuta ghali yaliyokaa miaka mitatu. Kinachoharibu pedali kwa wengi ni hewa iliyobaki kwenye mfumo. Toa hewa vizuri, gurudumu moja moja, mpaka pasiwe na kiputo. DOT 5, bila ile nukta moja, ni silikoni. Haichanganyiki na haya mengine na haifai kwenye gari lenye ABS. Usidanganywe na namba iliyo karibu.

Hosi za mpira zikilinganishwa na zile zilizosukwa kwa waya wa chuma: hizi za pili hazivimbi, na pedali inakuwa na jibu la haraka kidogo. Kama za mpira zina miaka zaidi ya kumi, utahisi tofauti kubwa, ingawa sehemu ya tofauti hiyo ungeipata hata kwa mpira mpya. Za waya zinataka kukaguliwa, kwa sababu ule waya huficha mchubuko ulio ndani na pia husugua chochote kinachogusana nao. Kama kanuni zinaruhusu na hosi zako zimezeeka, weka za waya. Kama ni nzima, pesa hiyo ipeleke kwenye pedi.

Madereva wawili, gari moja

Hali hii peke yake inaweza kugeuza uamuzi. Gari likitumiwa na madereva wawili, mapumziko yanapungua hadi dakika chache, na raundi nane au kumi zinarundikana. Joto linaanza kujenga. Hapo pedi za kiwandani ndizo za kwanza kulalamika: harufu ya kuungua, pedali inayozidi kwenda chini, na raundi za mwisho kuwa za polepole kuliko za katikati. Kwa madereva wawili ningepanda daraja moja kwenye pedi, kutoka za mtaani hadi zile za autokrosi, na ningeweka mafuta yenye namba ya pili ya juu. Bado nisingeenda kwenye za saketi, kwa sababu raundi ya kwanza ya asubuhi inabaki ya baridi, na raundi ya kwanza baada ya chakula cha mchana pia.

Mkibadilishana, dereva aliyemaliza asiendelee kukanyaga pedali gari likiwa limesimama, na asivute handibreki breki zikiwa za moto. Weka gia au kigingi cha gurudumu. Wanaonyunyizia matairi maji ili yapoe wawe waangalifu yasiifikie diski. Chuma cha kusubu chenye moto kikipigwa na maji upande mmoja kinaweza kupasuka.

Jaribio la kuamua

Ukishaweka pedi zako na kuzizoesha, usisubiri siku ya mashindano ndipo uzihukumu. Tafuta sehemu iliyofungwa, lami kavu, isiyo na mtu. Acha gari lipoe dakika ishirini. Weka koni ya kuanzia breki, ifikie kwa kilomita 60 kwa saa, kanyaga hadi mwisho, na uweke alama pale gari liliposimama. Kwa tairi zuri la barabarani itakuwa mita 14 au 15 kutoka kwenye koni. Kisha rudia mara tano bila kupumzika, ukiweka alama kila mara.

Mkanyago wa kwanza ukienda mbali kuliko wa tatu kwa zaidi ya mita moja, pedi zako zinataka moto ambao autokrosi haitazipa. Matairi nayo yanapata joto kidogo na kufupisha umbali, ndiyo maana nasema mita moja, nisiseme nusu. Wa tano ukienda mbali kuliko wa pili, pedi zinachoka au mafuta yamezeeka. Anza na mafuta kwa kuwa ni rahisi zaidi. Pedali ikiwa ngumu, gari halisimami na ABS wala magurudumu kufunga hayapo, nguvu ndiyo inayokosekana, na hapo tu ndipo ningekaa kuzungumza nawe kuhusu msuguano mkubwa zaidi au diski kubwa zaidi. Alama zote tano zikikusanyika ndani ya mita moja na ABS imeamka kila mara, funga boksi la zana. Breki zimemaliza kazi zake, na umbali uliobaki umeshikiliwa na mpira wa matairi.